Simu ya Mkononi na Usalama wa Mama Mjamzito

Hakuna nyumba katika Mkoa wa Tanga, tangu Mkinga hadi Pangani na tangu pwani hadi milima ya Usambara, isiyohusika na habari ya uzazi. Kila mmoja wetu amezaliwa na mama, na wengi wetu tunaye dada, shangazi au mke wa kaka ambaye ni mjamzito leo au atakuwa mjamzito kesho. Tena siku hizi ni nyumba chache zisizokuwa na simu ya mkononi hata moja. Uzazi na simu huonekana kuwa mambo yaliyo mbali mbali. Lakini kwa zaidi ya miaka 15 sasa watafiti wameyaweka pamoja na kuuliza hivi: Je, habari iliyopelekwa kwa simu yaweza kumwokoa mama na mtoto wake?

Katika somo hili tutalijibu swali hilo hatua kwa hatua. Kwanza tutaona jinsi habari za uzazi zilivyopelekwa zamani. Kisha tutajifunza kwa nini mama mjamzito hupatwa na hatari. Baadaye tutatazama utafiti uliofanywa kwa jirani zetu wa Unguja, na mwisho tutaona yatupasayo sisi wenyewe. Msomaji anayejua hesabu ya wastani hatapata taabu.

1. Habari kabla ya simu

Katika pwani yetu msichana alipovunja ungo hakuachwa ajifunze peke yake. Alikabidhiwa kwa somo au kungwi, mwanamke mtu mzima aliyeaminiwa na jamaa, naye akamfundisha faraghani mambo ya mwili wake, ya ndoa na ya uzazi. Mafundisho hayo yalikwenda kwa mafumbo, nyimbo na ngoma. Marehemu Bi Kidude, ambaye jina lake hasa lilikuwa Fatuma binti Baraka, aliyefariki Unguja mwezi wa Aprili 2013, alijulikana katika nchi nyingi kwa sauti yake ya taarab; lakini kwao alijulikana vile vile kuwa mwalimu wa unyago.

Tuyaangalie mafundisho ya somo kama mwalimu aangaliavyo kazi ya mwalimu mwenziwe. Yalikuwa na mambo mawili mema: siri na uaminifu. Msichana alijua kuwa aliyoyauliza hayatatoka nje, na kuwa anayemjibu anamtakia heri. Upungufu wake ulikuwa kwamba mafundisho mengi yalitolewa mara moja, pengine miaka mingi kabla ya mimba ya kwanza, na mambo ambayo daktari ameyajua kwa vipimo hayakuwamo.

Baadaye ikaja redio. Mwaka 1993 Radio Tanzania ilianza kutangaza mchezo wa kuigiza uitwao Twende na Wakati, uliohusu uzazi wa mpango na kujikinga na UKIMWI. Watafiti walitaka kujua kama mchezo ule unabadilisha mambo kweli. Basi, kwa muda wa miaka miwili ya kwanza, eneo la Dodoma halikutangaziwa mchezo huo, nao wakalinganisha watu wa huko na watu wa mahali pengine waliousikia. Ukumbuke njia hiyo ya kulinganisha, maana tutakutana nayo tena.

Redio ilifika mbali kuliko somo, lakini haikuwa na siri, wala haikujua ni nani anayesikiliza. Haikuweza kumwambia mama mmoja, "Wewe sasa una miezi minane, tayarisha safari yako." Simu yaweza.

2. Kuchelewa kwa namna tatu

Watu wengi hudhani kuwa mama anayefariki kwa uzazi huuawa na ugonjwa tu. Ni kweli kwamba damu nyingi, shinikizo la damu la mimba na maambukizo ndiyo yauayo. Lakini mengi ya hayo yana dawa au upasuaji, na mama akifika kwa wakati huweza kupona. Ndiyo maana mwaka 1994 mabibi wawili wataalamu wa Chuo Kikuu cha Columbia huko New York, Sereen Thaddeus na Deborah Maine, waliandika kuwa lililo kubwa ni kuchelewa, na kuwa kuchelewa huko kuna namna tatu.

Kuchelewa kwa kwanza ni kukata shauri. Mama ameona dalili, lakini hajui kuwa ni ya hatari. Au anajua, lakini anamngoja mume arudi baharini, au mama mkwe atoe ruhusa.

Kuchelewa kwa pili ni njiani. Shauri limekatwa, lakini hakuna gari, nauli haipo, mvua imeharibu njia, au maji yamekupwa na mashua haitoki.

Kuchelewa kwa tatu ni hospitalini. Mama amefika, lakini hakuna damu ya kumwongezea, mganga yuko mbali, au wakunga ni wachache na wagonjwa ni wengi.

Tuchukue mfano. Mama mmoja wa kijiji kilicho ng'ambo ya mto anaanza kuumwa kichwa sana jioni, na macho yake yanaona ukungu. Akiambiwa alale kwanza, "kesho kutapambazuka," hilo ni la kwanza. Akipata mtu wa kumpeleka usiku wa manane, naye akakosa chombo cha kuvukia, hilo ni la pili. Akivuka salama na kukuta chumba cha upasuaji hakina taa, hilo ni la tatu. Mtoto wake haulizi ni kuchelewa gani. Saa zote hizo ni zake.

Sasa jiulize: ujumbe wa simu waweza kuondoa kuchelewa kupi? Usijibu bado. Twende kwanza Unguja.

3. Utafiti wa Unguja

Miaka ya 2009 na 2010 daktari kutoka Denmark, Stine Lund, pamoja na wenzake wa Zanzibar na wa Denmark, walifanya utafiti ulioitwa "Wired Mothers," maana yake ni kina mama waliounganishwa kwa simu. Walichukua vituo 24 vya afya na kuvigawa kwa kura katika mafungu mawili. Kina mama waliohudhuria kliniki katika fungu la kwanza walipata huduma ya simu. Wale wa fungu la pili walipata huduma ya kliniki kama kawaida. Jumla yao walikuwa wajawazito 2,550.

Huduma ya simu ilikuwa na sehemu mbili. Sehemu ya kwanza ilikuwa ujumbe mfupi kwa Kiswahili, uliomfikia mama mara mbili kwa mwezi, na mimba ilipotimia wiki 36 ukamfikia mara mbili kwa wiki. Sehemu ya pili ilikuwa vocha, ili mama aweze kumpigia mhudumu wa kituo chake pindi apatapo shida. Hata mama asiyekuwa na simu yake mwenyewe hakukataliwa.

Pengine mwanafunzi atauliza: kwa nini wapige kura? Kwa nini wasiwape huduma kina mama wanaoitaka, kisha wawahesabu? Jibu ni kwamba mama anayeitaka huduma ya simu huenda tayari ni mwenye bidii ya kliniki, au mwenye kipato, au mume wake ni mwelewa. Angejifungulia hospitalini hata bila ya simu. Kura haimjui tajiri wala maskini. Huyagawa mafungu kwa haki, na tofauti ikionekana mwishoni twaweza kusema kwa imani kuwa imeletwa na simu. Ndiyo njia ile ile ya kulinganisha iliyotumiwa kwa mchezo wa redio, ila hii imekazwa zaidi.

Basi matokeo yalikuwa hivi. Katika kila kina mama 100 wa fungu la simu, 60 walijifungua mbele ya mkunga aliyesomea. Katika fungu lisilo na simu walikuwa 47. Waliohudhuria kliniki mara nne au zaidi walikuwa 44 katika 100 kwa fungu la simu, na 31 katika 100 kwa fungu la pili. Na vifo vya watoto vilivyotokea karibu na wakati wa kuzaliwa vilikuwa 19 katika kila watoto 1,000 kwa fungu la simu, na 36 katika 1,000 kwa fungu la pili.

Mtu akizisoma hesabu hizi kwa haraka atasema, "Kazi imekwisha. Tuwapelekee kina mama wote ujumbe." Lakini mwanafunzi mwema hasomi kwa haraka.

4. Wastani huficha

Watafiti wale waliwatenga kina mama wa mjini na wa mashamba, kisha wakahesabu tena. Wakaona kwamba mjini huduma ya simu iliongeza sana idadi ya waliojifungua kwa mkunga aliyesomea. Mashamba tofauti haikuonekana.

Yawezekanaje? Tupige hesabu ndogo ya darasani. Tuseme mwalimu amelipa darasa zima kitabu kipya. Nusu ya wanafunzi hulala bwenini, na nusu hutoka nyumbani. Kabla ya kitabu wote walikuwa wakipata alama 50. Baada ya muhula mmoja wa bwenini wamepata 76, na wa nyumbani wamebaki na 50 zao. Wastani wa darasa sasa ni 63, umepanda kwa alama 13. Mwalimu akiutazama wastani peke yake atafurahi na kusema kitabu kimewafaa wote. Akizitenga alama ataona kuwa nusu ya darasa hawakupata kitu. Na akiwauliza, huenda watamjibu, "Mwalimu, kitabu tunacho, lakini nyumbani hatuna taa ya kusomea."

Habari ya kina mama wa mashamba twaweza kuifikiri kwa njia hiyo hiyo. Ujumbe huondoa kuchelewa kwa kwanza, yaani ule wa kukata shauri. Kwa mama wa mjini, aliye karibu na hospitali na barabara yenye magari, huenda hicho ndicho kizuizi kikubwa, kikiondoka, amefika. Mama wa shamba naye huusoma ujumbe ule ule na kuuelewa vile vile, lakini kati yake na mkunga ziko maili kadhaa na nauli asiyokuwa nayo. Kitabu anacho, taa hana.

Hili ndilo jambo kubwa la somo letu, nasi twaomba msomaji asilisahau: habari njema humsaidia mama pale tu ambapo njia ya kuifuata iko wazi.

5. Simu inapopeleka nauli

Jambo la kufurahisha ni kwamba simu yaweza pia kuhudumia kuchelewa kwa pili. Mwaka 2009 hospitali ya CCBRT ya Dar es Salaam ilianza kutumia M-Pesa kwa ajili ya kina mama wenye fistula, yaani wale waliopata jeraha la kuvuja mkojo kwa sababu ya uchungu uliokaa muda mrefu. Matibabu yalikuwa bure, lakini wengi walishindwa nauli. Basi fedha za nauli zikapelekwa kwa simu kwa mtu anayeaminiwa karibu na mgonjwa, naye akamkatia tiketi ya basi.

Tangu mwaka 2011, huko huko Zanzibar, wahudumu wa kujitolea wa vijijini walipewa simu zenye programu ya kuwaongoza. Mhudumu alimtembelea mama nyumbani, akamwuliza maswali yaliyoonyeshwa na simu, wakapanga pamoja hospitali ya kwenda na akiba ya nauli. Hapo simu haikuchukua nafasi ya mtu. Ilimsaidia mtu kufanya kazi yake vizuri.

Mpango mkubwa zaidi ni ule uitwao m-mama, uliotangazwa kuwa wa taifa zima mwaka 2022. Mama aliye katika hatari, au mtu wake, au mhudumu wa zahanati hupiga namba 115 bila ya malipo. Anayepokea huuliza dalili, kisha hutafuta gari la wagonjwa. Kama halipo karibu humwita dereva wa eneo lile aliyekwisha kuandikishwa, na malipo ya dereva hulipwa kwa simu. Kwa njia hii mama hangoji mpaka jamaa wachangishane nauli usiku.

Tangu siku za utafiti wa Unguja mambo yamekwenda mbele. Kwa hesabu ya taifa ya mwaka 2015 na 2016, kina mama 63 katika 100 nchini Tanzania walijifungulia katika vituo vya afya. Mwaka 2022 walikuwa 81. Vifo vya kina mama vilikadiriwa kuwa 556 katika kila vizazi hai 100,000 kwa hesabu ile ya kwanza, na 104 kwa hesabu ya 2022. Tusiseme kuwa simu peke yake ndiyo iliyofanya hayo. Barabara, zahanati mpya, vyumba vya upasuaji na wakunga waliosomeshwa wote wana sehemu yao.

6. Simu ni ya nani?

Mwezi wa Novemba 2012 Wizara ya Afya na wenzake walianzisha kampeni ya Wazazi Nipendeni. Mtu aliandika neno "mtoto," akalipeleka kwa namba 15001, naye akapata ujumbe wa bure kufuata umri wa mimba au wa mtoto. Mapema zaidi, mwaka 2010, shirika la FHI 360 lilianzisha katika Kenya na Tanzania huduma ya kujibu maswali ya uzazi wa mpango kwa simu. Katika miezi 10 ya majaribio watu 2,870 waliitumia hapa Tanzania, na katika wale waliotaja umri wao, 60 katika 100 walikuwa na miaka 29 au chini yake. Vijana wanayo maswali, nao huiuliza simu yale wanayoona haya kuyauliza kwa watu.

Lakini tukumbuke siri na uaminifu wa somo. Simu nyingi za nyumbani hutumiwa na watu wengi. Ujumbe wa mama huenda ukasomwa na mume kwanza, au mtoto wa darasa la nne akausoma kwa sauti mbele ya wageni. Kwa hiyo mwandishi wa ujumbe yampasa achague maneno. Ujumbe mmoja wa kawaida huchukua herufi 160 tu, na ndani yake yapasa kuwe na jambo, heshima na tendo la kufanya. "Nenda kituo cha afya leo" ni bora kuliko mafumbo. Na "kujifungua" hupokewa vizuri pwani kuliko maneno makavu. Serikali nayo imeweka Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ili anayekusanya habari za watu asizitumie apendavyo.

Uaminifu nao una hatari yake. Simu hiyo hiyo inayoleta ujumbe wa Wizara huleta pia habari za uongo za dawa na miiko. Ishara ya ujumbe wa kweli si herufi zake nzuri. Tuuulize: umetoka wapi, na muuguzi wa kliniki anausemaje?

7. Yatupasayo sisi

Jambo hili si la watu wazima peke yao. Hesabu ya mwaka 2022 ilionyesha kuwa wasichana 22 katika kila 100 wa umri wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wamekwisha kuzaa au ni wajawazito. Hao ni wa rika letu.

Kwanza, tuzijue dalili za hatari, tuweze kuwasomea wazee wetu nyumbani. Nazo ni hizi: kutokwa na damu, kuumwa kichwa sana pamoja na kuona ukungu, kuvimba uso na mikono, kifafa, homa kali, maumivu makali ya tumbo, chupa kupasuka kabla ya uchungu kuanza, na mtoto kupunguza au kuacha kucheza tumboni. Mama aliyejifungua akitokwa na damu nyingi, hiyo nayo ni hatari. Kwa dalili yo yote ya hizi mama hangoji asubuhi.

Pili, kila nyumba yenye mjamzito iwe na shauri lililokatwa mapema: ataenda kituo gani, atasafiri kwa chombo gani, nani atafuatana naye, na nani atatoa ruhusa ikiwa mume hayupo. Namba 115 iandikwe mahali panapoonekana na wote.

Tatu, kijana anayesoma ujumbe wa mama yake au wa shemeji yake auchukue kuwa ni amana. Amsomee taratibu, faraghani, na asiupeleke kwa mwingine.

Nne, wavulana wasiliache jambo hili kwa wasichana. Kesho wao ndio watakaoulizwa, "Tumpeleke, tusimpeleke?" Na jibu lao litakuwa ama limeondoa kuchelewa kwa kwanza, ama limekuwa ndilo kuchelewa kwenyewe.

Maswali ya kujipima

1. Eleza kwa maneno yako namna tatu za kuchelewa, na utoe mfano wa kila moja kutoka kijijini au mtaani kwako.

2. Kwa nini vituo 24 viligawanywa kwa kura? Ni kosa gani lingetokea kama kina mama wangejichagulia wenyewe?

3. Darasa lina wanafunzi 30 wa bweni na 10 wa nyumbani. Wa bweni wamepanda kutoka alama 50 hadi 70, wa nyumbani wamebaki na 50. Wastani wa darasa umepanda kwa alama ngapi? Wastani huo unaficha nini?

4. Andika ujumbe usiozidi herufi 160 wa kumwelekeza mjamzito wa wiki 36 atayarishe safari yake. Kisha umsomee mtu mzima mmoja wa nyumbani kwenu, umwulize kama anauona una heshima na kama ameelewa la kufanya. Asipoelewa, usimlaumu, andika upya.